Kirusi cha Kiwango cha Juu Hujengwa kwa Matini



Mtihani wa serikali ya Urusi kwa wageni una ngazi 6, na ngazi ya tatu, TRKI-1, ndiyo inayotakiwa kwa anayeingia mwaka wa kwanza wa shahada nchini humo. Tangu Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa kilipoanzishwa Moscow mwaka 1960, vijana wengi wa Afrika wamejiandaa kwa masomo yao kwa takriban mwaka mmoja wa lugha. Ikiwa mwaka mmoja kule unatosha kumketisha mtu kwenye mhadhara wa uhandisi, shahada nzima ya Kirusi itafute nini zaidi? Nasema itafute uwezo wa kupima dai la mwandishi. Uwezo huo hupatikana kwa kusoma matini ndefu na kuziandikia, na kwa hiyo miaka miwili ya mwisho ya shahada ipewe kazi hiyo.

Ushahidi wa kwanza umo katika kitenzi. Vitenzi vingi vya Kirusi huenda kwa jozi, kimoja cha hali timilifu na kingine cha hali isiyo timilifu. Mwanahistoria akiandika kuwa mwenzake «dokazyval» jambo fulani, mara nyingi anaeleza tu kwamba mwenzake alilishikilia na kulitetea. Akiandika «dokazal», amekiri kwamba limethibitika. Njeo ni ileile iliyopita. Mwanafunzi aliyekariri kwamba vyote viwili ni «kuthibitisha» atausoma ukurasa mzima bila kukwama, kisha aripoti kwamba mjadala umekwisha, ilhali mwandishi ameuacha wazi. Mazoezi ya kujaza nafasi hayamfikishi mbali, kwa sababu sentensi moja mara nyingi hukubali vyote viwili, na ni aya zinazoizunguka zinazoamua.

Ushahidi wa pili ni muundo wa sentensi. Kirusi cha kitaaluma hugeuza vitenzi kuwa vivumishi na kuvitanguliza, pamoja na maelezo yake yote, kabla ya nomino. Msemaji wa Kiswahili, aliyezoea nomino kuja kwanza na sifa zake kufuata, hujikuta akibeba maneno saba au manane bila kujua yanamhusu nani. Hata hivyo, ana mtaji wake: ngeli zimemzoesha kufuata upatanisho hata maneno yakiwa yametengana. Miishio ya Kirusi inadai umakini huohuo, lakini umakini huo haukui katika sentensi fupi za vitabu vya mwanzo.

Wapo watakaosema kwamba waajiri wanataka wasemaji. Kweli, na mazungumzo yaendelee. Lakini tufanye hesabu. Taasisi inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani hutenga takriban saa 1,100 za darasani kwa Kirusi. Shahada yenye saa 6 kwa wiki, wiki 30 kwa mwaka, hutoa saa 720 kwa miaka 4. Pengo hilo halizibwi darasani. Huzibwa na kitabu anachoondoka nacho mwanafunzi. Wengine watasema mashine sasa zinatafsiri. Zinatafsiri, tena vizuri, ila anayetia sahihi chini ya tafsiri ya mkataba au ripoti ya kitabibu ndiye atakayeulizwa, naye hawezi kuitetea kazi asiyoweza kuikagua.

Pingamizi zito zaidi ni la kisiasa: baada ya Urusi kuivamia Ukraine mwaka 2022, je, kusoma Kirusi si kuipigia debe Moscow? Lugha hii haina mwenye nyumba mmoja. Chinghiz Aitmatov wa Kyrgyzstan aliandika kwa Kikirgizi na kwa Kirusi. Svetlana Alexievich wa Belarus, mshindi wa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, alitumia Kirusi kukusanya shuhuda za Chernobyl na za vita vya Afghanistan, shuhuda zilizowakera watawala. Asiyeweza kusoma atategemea muhtasari wa watu wengine, wawe wa Moscow au wa mahasimu wake.

Napendekeza basi mtihani wa mwisho uwe hivi: mwanafunzi apewe makala ndefu ya fani aliyoichagua, aandike kwa Kirusi ni yapi mwandishi ameyathibitisha na ni yapi ameyadai tu, kisha aitetee hukumu yake mbele ya watahini. Atakayelimudu hilo, tumwite mhitimu wa Kirusi.