Mwanafunzi Anenaye na Atumikaye
Hotuba kwa walimu na wazazi



Tumeombwa tuseme machache juu ya kuwapa heshima watoto wa shule. Desturi mwaijua: siku ya zawadi huitwa watatu, hupewa vitabu, nasi hupiga makofi, waliosalia huketi wakitazama visigino vya wenzao. Katika hesabu na imla jambo hili lina mahali pake. Lakini katika kunena mbele ya watu, na katika kuwatumikia wanakijiji, twaona halifai. Mtoto amtekeaye maji kikongwe asiye na mjukuu, tumshindanishe na nani? Na yule mwenye kigugumizi, ambaye mwaka jana hakuweza neno na mwaka huu amesimama akasema matano, ameshindwa na nani?

Mfano upo nchini mwetu. Mwaka 1956 huko Uingereza ulianzishwa mpango wa tuzo wa Duke of Edinburgh, kwa shauri la Kurt Hahn, mwalimu mzaliwa wa Ujerumani. Msimamizi wake wa kwanza alikuwa John Hunt, aliyeongoza msafara uliofikisha watu kileleni mwa Everest mwaka 1953. Mwanzoni ulikuwa wa wavulana tu. Wasichana waliingia mwaka 1958. Mwaka 1966 mpango huo ukaanza hapa Kenya, nao waitwa Tuzo ya Rais. Kijana wa miaka 14 hata 24 huingia kwa hiari yake. Hutumikia watu, hujifunza stadi, hufanya mazoezi ya mwili, na kufunga safari pamoja na wenzake. Kunena hadharani ni stadi mojawapo ifaayo kuchaguliwa. Ngazi ni tatu: shaba, fedha na dhahabu. Hata ile ya chini, ya shaba, yataka muda usiopungua miezi sita. Wala hapana wa kwanza wala wa mwisho. Atimizaye hupewa, wakitimiza arobaini, hupewa arobaini.

Wako wasemao kwamba pasipo kushindana watoto watalegea. Twajibu: miezi sita ni mirefu. Mshindani hujitahidi siku moja mbele ya waamuzi (nao waamuzi, tuseme kweli, mara nyingi humpenda mwenye sauti kubwa). Huyu hurudi kila juma, hata mvua ikinyesha, wala hapigiwi makofi na mtu.

Hofu nyingine ni nzito zaidi, nasi makatekista twaijua: wema utangazwao huweza kuzaa kiburi. Kwa hiyo twashauri hivi katika mwaka huu wa jubilei. Kila mtoto apewe daftari, aandike kazi yake, na mtu mzima aliyeiona atie sahihi. Muda ukitimia, asimame Jumapili baada ya ibada, anene kwa dakika tatu. Asinene habari za nafsi yake, bali za kazi: chemchemi imezibika wapi, wazee wangapi wangali wakilala chini ya paa livujalo, pasipo kumwaibisha mtu kwa kumtaja jina. Ndipo kunena na kutumika vitakapokuwa kazi moja, na wakubwa watasikia yawapasayo kutenda.

Daftari za kwanza zi tayari. Twawaomba wazazi msifanye haraka ya kwenda zenu siku hiyo. Mtoto akisimama akaona viti vitupu, hatasimama tena.