Mvua Isiyoingia Kwenye Memori Kadi: Filamu za Muziki Zilizokarabatiwa, na Watazamaji wa Nyarugusu

Filamu ya muziki, yaani ile ambayo wahusika wake huacha kuzungumza wakaanza kuimba na kucheza katikati ya kisa, huku okestra isiyoonekana ikiwaitikia, si ngeni kwa hadhira ya Afrika Mashariki, ingawa iliingia kwa mlango wa Bombay zaidi kuliko wa Hollywood. Raj Kapoor aliiteka hadhira hiyo kwa Awaara (1951), na wengi waliotoka katika majumba ya sinema ya Zanzibar na Dar es Salaam walikuwa wamekariri nyimbo ambazo maneno yake hawakuyaelewa. Kwa hiyo mtazamaji wa kibanda umiza, yaani chumba cha video ambacho watu hulipa kiingilio kidogo wakabanana kwenye mabenchi, hatashangaa akionyeshwa Gene Kelly akikunja mwavuli na kuimba chini ya mvua katika Singin’ in the Rain (1952). Hoja ya mhadhara huu ni kwamba kinachopaswa kumshangaza ni mvua yenyewe, kwa sababu huenda asiione, na kwamba mkusanyaji wa filamu asiyejua nakala yake imetokana na nini anamiliki diski tu, hajaimiliki filamu.

Wasomaji wa Kiswahili wanalifahamu tatizo hili kutoka kwenye fasihi yao. William Hichens alipochapisha utenzi wa Al-Inkishafi mjini London mwaka 1939, hakuwa na mswada ulioandikwa kwa mkono wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate. Alikuwa na nakala za waandishi wa baadaye, na kazi ya mhakiki ni kuzilinganisha nakala za aina hiyo, kupima kipi ni cha mtunzi na kipi ni kosa la mnakili, kisha kutoa toleo linaloweza kutetewa. Mwaka huohuo studio ya MGM ilitoa The Wizard of Oz, na mafundi walioikarabati filamu hiyo miongo kadhaa baadaye walifanya uhakiki wa namna hiyohiyo, isipokuwa asili ya kwao ilikuwepo, tena katika vipande vitatu.

Kamera ya Technicolor ya wakati ule haikunasa rangi kwenye utepe mmoja. Mwanga ulioingia ulipasuliwa na kioo cha pembe, ukaelekezwa kwenye tepe tatu za nyeusi na nyeupe, moja ikitunza kumbukumbu ya wekundu, nyingine ya ukijani na nyingine ya ubuluu, na rangi zenyewe ziligongwa baadaye kwa wino kwenye utepe mtupu, mithili ya fundi wa kanga anayegonga kila rangi kwa zamu yake. Njia hiyo ina faida ambayo walioibuni hawakuipangia: negativu za nyeusi na nyeupe hazina rangi ya kupauka, ilhali filamu nyingi za miaka ya 1950 na baadaye, zilizopigwa kwenye utepe mmoja wa rangi, zimegeuka kuwa za waridi na hudhurungi. Ina hasara pia, kwa kuwa tepe tatu hunywea kwa viwango tofauti kadiri zinavyozeeka, na zikishanywea hazilaliani tena sawasawa, ndipo ukingo wa uso wa mwigizaji unapotokewa na kivuli chekundu au cha kijani. Warner Bros., ambayo kwa njia ya ununuzi wa Ted Turner wa mwaka 1986 ndiyo iliyokuja kurithi hazina ya zamani ya MGM, ilitengeneza programu ya kompyuta inayozinyoosha picha hizo tatu hadi zilaliane, na ni kazi hiyo iliyoyapa matoleo ya diski ya miaka ya 2000 ukali ambao hata watazamaji wa ukumbini wa mwaka 1939 hawakuupata. Hapa mhakiki anapaswa kujiuliza kama amerudisha au amezidisha, na swali hilo mara nyingi hupitwa haraka mno na wanaoandika sifa kwenye majalada ya diski.

Mlango wa nyumba ya Dorothy, msichana aliyeigizwa na Judy Garland, ndio mtihani bora wa toleo lolote la The Wizard of Oz. Sehemu za Kansas zilichapishwa kwa hudhurungi, na msichana anapoufungua mlango, nchi ya Oz hutokeza na rangi zake zote bila picha kukatwa. Hila iliyotumika ni ya mpaka rangi na mshonaji kuliko ya maabara: ukuta wa ndani ulipakwa hudhurungi, mwigizaji mbadala akavikwa gauni la rangi hiyohiyo, akafungua mlango akiipa kamera mgongo na kujitenga pembeni, kisha Judy Garland akapita mbele na gauni lake la buluu, tukio lote likipigwa kwa kamera ya rangi. Kwa miaka mingi nakala za televisheni ziliionyesha Kansas kwa nyeusi na nyeupe tupu, kwa hiyo nyumba iligeuka hudhurungi ghafla muda mfupi kabla ya mlango kufunguka, badiliko ambalo halikukusudiwa na yeyote. Kaseti ya mwaka 1989, ya kuadhimisha miaka 50, ndiyo iliyorudisha hudhurungi ya Kansas. Mkusanyaji mwenye kaseti ya kabla ya hapo na ya baada ya hapo ana ushahidi mkononi, na hana sababu ya kuitupa ile mbovu.

Nakala mbovu za namna hiyo ndizo hufika kambini. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, katika wilaya ya Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, wengi wao kutoka Kivu Kusini, na mwaka 2015 ikapokea Warundi kwa wingi kiasi kwamba kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ilibidi ifunguliwe upya. Kambi za magharibi mwa Tanzania ziliwahi kufikiwa na FilmAid, shirika lililoanza mwaka 1999 kwa kuwaonyesha filamu wakimbizi wa Kosovo, lakini sinema ya kila siku ya mkimbizi haitokani na mashirika. Hutegemea paneli ya sola, betri, deki au simu, na faili lililotoka kwenye flashi ya mtu kwenda kwenye memori kadi ya mwingine, likibanwa kila mara ili lienee. Kubana ni kuifanya kompyuta itupe kile inachodhani jicho halitakikosa: sehemu ya picha isiyobadilika huhifadhiwa mara moja tu, na vitu vidogo vinavyokwenda ovyo hupunguzwa au huunganishwa kuwa vibonge. Mvua ni vitu vidogo vinavyokwenda ovyo. Mpiga picha Harold Rosson aliiwekea mvua ya Gene Kelly taa kwa nyuma ili kila mchirizi uonekane, na wanaosimulia hadi leo kwamba maji yale yalichanganywa na maziwa hawajaitazama nakala nzuri, kwani humo mwanga unaopita kwenye maji unaonekana dhahiri. Katika faili lililobanwa mara nne au tano mvua hiyo hugeuka ukungu, na mchezaji anabaki akirukaruka kwenye moshi. Negativu zenyewe za filamu hiyo ya Kelly ziliteketea mwaka 1978 katika moto wa ghala la George Eastman House huko Rochester, na ukarabati ukalazimika kutegemea nakala za akiba zilizotolewa kabla ya moto. Mchirizi ulionusurika kwa njia hiyo huja kupotea safarini kati ya simu mbili.

Hata hivyo ingekuwa haraka kuhukumu kwamba nakala ya kambini ni upotevu mtupu. Tanzania ina desturi yake ya kutafsiri filamu, iliyopata sifa kwa sauti ya Lufufu wa Dar es Salaam, ambapo mtafsiri hufafanua, hutania na kuwapa wahusika majina ya mtaani, na sauti yake hurekodiwa juu ya sauti ya filamu hadi zisitenganishike. Singin’ in the Rain yenyewe ni kisa cha sauti ya kuazima: nyota wa filamu bubu mwenye sauti ya kukera anaimbiwa na msichana aliyefichwa, na nyuma ya kamera Debbie Reynolds, aliyeigiza msichana huyo, naye aliimbiwa na Betty Noyes katika baadhi ya nyimbo. Studio iliyotunga kisa hicho isingekuwa na haki ya kumcheka Lufufu. Diski ya DVD inabeba mikondo kadhaa ya sauti kwa pamoja, na matoleo ya wakusanyaji hutumia mmojawapo kumpa nafasi mtaalamu wa historia azungumze filamu ikiendelea. Mtafsiri wa kibandani hufanya kazi iliyo jirani sana na hiyo, tofauti ikiwa kwamba maneno yake hayajapewa mkondo wa peke yake, kwa hiyo kuyahifadhi ni kuupoteza muziki, na kuuhifadhi muziki ni kuyafuta.

Kabati la filamu za muziki la Nyarugusu lisingekamilika kwa Hollywood pekee. Ngangura Mweze, mzaliwa wa Bukavu, aliongoza pamoja na Benoît Lamy La Vie est belle (1987), ambamo Papa Wemba ni mwanamuziki wa kijijini anayekwenda Kinshasa kutafuta jina, na kwa mtu wa Kivu filamu hiyo ina haki ya kuwekwa rafu moja na Kelly na Garland, ikihakikiwa kwa ukali uleule. Mradi wa urithi wa filamu za Afrika ulioanzishwa mwaka 2017 na The Film Foundation ya Martin Scorsese, shirikisho la watengenezaji filamu la FEPACI na UNESCO, kwa ushirikiano na maabara ya Bologna, umethibitisha kwamba kazi hiyo inawezekana kwa filamu za bara hili. Bado nakala iliyokarabatiwa Bologna ikifika Kasulu itafika kama faili, na ukubwa wa faili hilo, pamoja na idadi ya mikondo ya sauti ambayo aliyeliandaa alikubali kuiacha wazi, ndivyo vitakavyoamua kama mtazamaji wa kambini atapata sauti ya Papa Wemba pamoja na ya mtafsiri wake, au atalazimika kuchagua.