Ofa, Vocha na Pointi: Namna ya Kupunguza Gharama ya Kapu la Nyumbani



Kila mwisho wa mwezi, familia nyingi katika kaunti huketi kugawa mshahara, mauzo ya maziwa au malipo ya kibarua. Kodi ya nyumba haipungui. Karo haipungui. Nauli haingoji. Kinachobaki kupunguzwa ni chakula, na watoto ndio huumia. Mada ya leo ni namna ya kupunguza bei ya kapu bila kupunguza chakula kilicho ndani yake.

Njia yenyewe ni kuunganisha. Mteja anatumia ofa ya duka, vocha na pointi zake katika ununuzi mmoja. Wengi hutumia moja tu. Hununua bidhaa ya ofa leo, kisha wiki ijayo hutumia pointi kulipia bidhaa ya bei kamili, huku vocha ikikaa ndani ya kabati mpaka muda wake unapita.

Kuunganisha kunawezekana kwa sababu pesa hizo hutoka mifuko tofauti. Nchini Marekani, ambako kuponi zilianza kutumika mwishoni mwa karne ya 19, mteja hukata kuponi ya kiwanda gazetini na kungoja siku ambayo duka limepunguza bei ya bidhaa hiyo hiyo. Duka linampa bei yake ya ofa, kisha kiwanda kinalirudishia thamani ya kuponi. Hapa Kenya kuponi za gazetini ni chache, lakini mifuko ipo. Supamaketi kama Naivas, Quickmart na Carrefour zina mipango ya pointi kwa wateja. Waajiri wengine huwapa wafanyakazi vocha za ununuzi wakati wa Krismasi. Hata pointi za Bonga za Safaricom zinaweza kulipia bidhaa katika maduka yanayopokea Lipa na M-Pesa.

Tuchukue mfano, na bei hizi ni za mfano tu. Mama mmoja anahitaji lita 5 za mafuta ya kupikia kwa mwezi. Mtungi wa lita 5 ni shilingi 1,500, yaani shilingi 300 kwa lita. Wiki hiyo chupa ya lita 1 iko kwenye ofa ya shilingi 285. Chupa tano ni shilingi 1,425. Ana vocha inayopunguza shilingi 100 kwa ununuzi unaozidi shilingi 1,000. Anabaki na 1,325. Ana pointi za shilingi 50, analipa 1,275. Ameokoa shilingi 225 kwa mafuta yale yale na kipimo kile kile. Akifanya hivyo pia kwa sabuni, sukari na mchele, kiasi hicho kinakuwa cha maana kwa mwezi. Haba na haba hujaza kibaba.

Mfano huo unafundisha jambo la kwanza: mteja alinganishe bei kwa kipimo, si kwa pakiti. Watu wengi huamini kuwa mtungi mkubwa lazima uwe nafuu. Mara nyingi ni kweli, lakini wakati wa ofa mambo hugeuka. Agawe bei kwa kilo au kwa lita. Simu yoyote ina kikokotoo. Aangalie pia uzito ulioandikwa, kwa sababu pakiti mbili zinaweza kulingana kwa ukubwa huku moja ikiwa na gramu 500 na nyingine gramu 450.

Pili, orodha iandikwe nyumbani kabla ya kutazama kipeperushi cha ofa. Ofa huwekwa ili mteja aingie dukani, na duka linatarajia kwamba akiingia atanunua na vitu vingine vya bei kamili. Aliyeenda kuokoa shilingi 60 kwenye sukari akarudi na biskuti za shilingi 200 ambazo hakuzihitaji, hakuokoa kitu. Ametumia shilingi 140 zaidi. Bidhaa isiyokuwa kwenye orodha haina punguzo hata kama imeandikwa nusu bei.

Tatu, asilimia zihesabiwe vizuri. Punguzo la asilimia 20 likifuatwa na punguzo jingine la asilimia 10 si asilimia 30. Bidhaa ya shilingi 1,000 inashuka hadi 800, kisha asilimia 10 ya 800 ni 80, hivyo mteja analipa 720. Hilo ni punguzo la asilimia 28. Vivyo hivyo, "nunua mbili upate moja bure" ni punguzo la thuluthi moja, na ni faida tu ikiwa zote tatu zitatumika kabla hazijaharibika. Sabuni, chumvi na karatasi za chooni hungoja. Maziwa na mkate havingoji. Kwa bidhaa za aina hiyo, majirani watatu wanaweza kuchanga na kugawana.

Unga wa mahindi usirundikwe kwa sababu ya ofa. Ukikaa mahali penye unyevu huota kuvu, na kuvu huleta sumukuvu. Mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafariki mashariki mwa nchi kwa sababu ya mahindi yenye sumu hiyo. Familia inunue unga wa kuitosha kwa muda mfupi, iangalie tarehe ya mwisho, na iuweke mahali pakavu palipoinuliwa kutoka sakafuni.

Nne, nauli na yenyewe ni bei. Anayelipa shilingi 100 kwenda na kurudi mjini ili aokoe shilingi 80 amepata hasara. Kwa mkazi wa mbali, ni heri duka la karibu kwa vitu vidogo, na safari moja ya mjini kwa mwezi siku ambayo ofa, vocha na pointi zimekutana. Anayelipwa kwa siku hawezi kununua vitu vya mwezi kwa mara moja, na si kosa lake. Kwake msaada mkubwa ni chama. Watu sita wakichangia robota moja la unga la pakiti 12 za kilo 2, kila mmoja anaondoka na pakiti mbili kwa bei ya jumla, na hakuna unga unaokaa mpaka uharibike.

Tano, pointi na vocha zisiwekwe kama akiba ya benki. Ni ahadi ya duka, na duka linaweza kubadilisha masharti au kufunga milango. Nakumatt ilikuwa na matawi mengi nchini, lakini iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2018 na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ivunjwe. Mteja asome tarehe ya mwisho, kiwango cha chini cha ununuzi na kama vocha inakubalika kwa bidhaa zilizo kwenye ofa, kisha aitumie mapema. Asiyeelewa masharti amuulize keshia kabla ya kujaza kapu.

Jambo jingine ni matapeli. Ujumbe unaosema mtu ameshinda vocha ya supamaketi na kumtaka abonyeze kiungo au atume ada kwanza ni mtego. Kutumia pointi hakuhitaji kumpa mtu yeyote nambari ya siri ya M-Pesa.

Mwananchi pia ana haki. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupata habari za kumwezesha kufaidika na bidhaa hizo, na haki ya kulipwa fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inakataza kumpotosha mteja kuhusu bei. Kwa hivyo, rafu ikionyesha shilingi 285 na risiti ikasoma 300, mteja arudi kwa keshia mara moja. Mara nyingi ni bei ambayo haijabadilishwa kwenye mashine, na hurekebishwa papo hapo. Duka likikataa, apige picha ya bei iliyo rafuni, ahifadhi risiti na apeleke malalamiko kwa ofisi ya biashara ya kaunti au kwa Mamlaka ya Ushindani. Chini ya Jedwali la Nne la Katiba, biashara ya haki ni jukumu la serikali za kaunti. Anayeshuku kuwa pakiti imepunjwa uzito aende kwa afisa wa vipimo na mizani.

Kwa wenye maduka, ombi ni moja: bei ya rafuni na ya kwenye mashine zilingane, na masharti ya ofa yaandikwe kwa lugha ambayo wateja wanaielewa, kwa herufi zinazosomeka. Mteja aliyetendewa haki hurudi.

Mwisho, shilingi zilizookolewa zitolewe kwenye mkoba siku hiyo hiyo. Risiti nyingi huonyesha jumla ya punguzo upande wa chini. Kiasi hicho kiwekwe kwenye chama, Sacco au akiba ya simu. Kisipotengwa, kitatumika bila mtu kujua kimeenda wapi, na mwezi ujao karo itakuta mfuko mtupu kama kawaida.

Kabla ya safari ijayo ya dukani, kila familia iandike orodha yake, itoe vocha zilizo kabatini, iulize salio la pointi na ibebe mfuko wake kutoka nyumbani.