Tufe la Los Alamos na Hesabu Zinazolingana

Mwaka 1951 huko Los Alamos, Marekani, wanasayansi walitengeneza tufe la urani la kilo hamsini na ushei, lenye vipande vitatu. Waliviunganisha kwa mitambo, wao wenyewe wakiwa mbali, kwa sababu miaka mitano nyuma mwanafizikia Louis Slotin alikufa kwa mionzi baada ya kufanya jaribio la namna hiyo kwa mikono. Tufe hilo, lililoitwa Lady Godiva, lilikuwa tupu, halina ganda la kurudisha nyutroni ndani, hivyo zaidi ya nusu ya nyutroni zilitorokea nje. Hata hivyo, vipande vilipokutana, kila kizazi cha nyutroni kilizaa kingine cha idadi ileile, na mpasuko wa atomu ukajiendesha wenyewe. Utupu huo ndio uliolipa tufe thamani: umbo ni rahisi, basi hesabu ya kompyuta ya kulibashiri ikikosea, lawama ni ya takwimu za nyuklia inazolishwa.

Mtu atauliza, kompyuta za leo zina haja gani na chuma cha zamani? Haja ipo, tena kubwa. Kompyuta haijui urani inapasuka mara ngapi ikigongwa na nyutroni; inaambiwa, na anayeiambia amepima kwa mashaka yake. Mwishoni mwa karne iliyopita, takwimu rasmi za Marekani zilishusha jibu la hesabu ya Godiva, yaani uwiano wa kizazi kimoja cha nyutroni kwa kilichotangulia, kwa sehemu tatu hivi kati ya elfu. Ni kosa dogo kwa macho, lakini pengo kati ya mpasuko unaodhibitika na ule unaolipuka ghafla, kwa urani hiyo, ni sehemu sita na nusu tu kati ya elfu. Toleo la takwimu hizo la mwaka 2006 lilisahihisha kosa hilo.

Wapo watakaosema basi, hesabu imelingana, kazi imekwisha. Hapo ndipo ninapokataa. Ukizidisha kidogo idadi ya nyutroni zinazozaliwa, kisha ukakosea namna zinavyopoteza nguvu zikigonga viini, makosa mawili yanafutana na jibu linatoka safi. Watathmini wa nchi mbalimbali walipolinganisha takwimu zao, walikuta zinatofautiana waziwazi katika vipengele vyake, na bado zote zinalipatia tufe jibu lilelile. Ndiyo maana Godiva peke yake haitoshi: huwekwa pamoja na Jezebel, tufe la plutoni, na Flattop, ambalo kiini chake kimezungushiwa urani ya asili, kwa kuwa makosa yanayofutana ndani ya tufe tupu hayafutani kwa kiasi kilekile penye ganda.