Mkono na Sauti: Katuni za Televisheni Zilizozaliwa na Michezo ya Video, Zikitazamwa kutoka Rumonge

Katuni ya televisheni inayotokana na mchezo wa video ni hadithi iliyojengwa juu ya kitu ambacho mwanzoni hakikuwa hadithi. Gemu ina kanuni, alama za ushindi, vizuizi vya kuvuka na mahali pa kufia. Yatokeayo humo hutegemea mkono wa mchezaji. Katuni humnyang'anya mtazamaji mkono huo, kisha humtaka aketi na atazame. Mtunzi wa katuni hana budi kuziba pengo linalobaki, naye huliziba kwa vitu viwili: moyo wa mhusika, yaani sababu ya kutenda anachotenda, na sauti yake. Kazi hiyo ilianza Marekani na Japani. Kwa mtoto wa mwambao wa Burundi, kuanzia Bujumbura hadi Rumonge na Nyanza-Lac, inabaki nusu, kwa kuwa sauti inayomfikia mara nyingi si ya lugha ya nyumbani kwao.

Ugumu wa kazi hii unaonekana ukitazama bao, ambalo Warundi huliita ikibuguzo. Kete ya bao haina mama wala kijiji, na hakuna mchezaji anayeuliza ilitoka wapi kabla ya kuliwa. Gemu za kwanza zilikuwa hivyo hivyo. Pac-Man, iliyotolewa na kampuni ya Namco ya Japani mwaka 1980, ilikuwa duara la njano lenye mdomo, likila vidoti ndani ya vichochoro na kukimbizwa na mizuka minne. Mwaka 1982 studio ya Hanna-Barbera iliitengenezea katuni kwa ajili ya televisheni ya ABC ya Marekani. Duara lile likapewa mke, mtoto, nyumba na mji wa kuulinda. Ilikuwa hatua ya kwanza, na ilikuwa hatua dhaifu: familia ile ingeweza kupewa mhusika yeyote, kwa sababu haikutokana na jambo lolote lililomo ndani ya mchezo. Mario alifuata mwaka 1989 na Sonic mwaka 1993, kwa njia isiyotofautiana sana na hiyo.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na Pokémon. Gemu zake mbili za mwanzo, Nyekundu na Kijani, ziliuzwa Japani tarehe 27 Februari 1996 kwa ajili ya Game Boy, mashine ndogo ya kushikwa mkononi. Mbunifu wake, Satoshi Tajiri, alikulia Machida, pembezoni mwa Tokyo, akiwa mtoto wa kukamata wadudu. Mashamba na madimbwi ya utoto wake yalipofunikwa na majengo, aliihamishia raha ile ndani ya gemu. Viumbe vya kukamatwa vilikuwa 151, na baadhi vilipatikana katika toleo moja tu, hivyo watoto walilazimika kuunganisha mashine zao kwa waya na kubadilishana.

Raha hiyo ya kutambua na kukusanya haihitaji kufafanuliwa kwa watu wa Ziwa Tanganyika. Mtoto wa Rumonge hutofautisha ndagala na mukeke kabla hajajua kusoma. Ziwa lenyewe lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya sichilidi, na karibu zote hazipatikani popote pengine duniani. Pierre Brichard, Mbelgiji aliyeishi Burundi akisafirisha samaki hai kwa wafugaji wa ng'ambo, alichapisha mwaka 1978 kitabu kizima juu ya samaki wa ziwa hili. Wamo wanaoishi na kutaga ndani ya makombe matupu ya konokono. Wamo wanaolea mayai na vifaranga mdomoni. Yumo kambare mwenye madoa anayeyaingiza mayai yake katikati ya mayai ya sichilidi walezi, ili mama wa watu ayaokote na kuyatunza mdomoni. Vifaranga vya kambare huanguliwa mapema na kula vifaranga vya mwenyeji wao. Yumo pia kuhe, mkubwa kuliko sichilidi wote wa ziwa hili. Kila kiumbe hapo kina uwezo wake, udhaifu wake na adui wake, na hizo ndizo sifa ambazo Tajiri aliwapa viumbe wake wa kubuni.

Katuni ya Pokémon ilianza kuonyeshwa na TV Tokyo tarehe 1 Aprili 1997, ikitengenezwa na studio ya OLM chini ya mwongozaji mkuu Kunihiko Yuyama, huku Takeshi Shudo akisimamia uandishi. Tatizo lao la kwanza lilikuwa shujaa. Katika gemu, shujaa ni mtoto asiyesema neno, na jina hupewa na mchezaji. Anachagua mmoja kati ya viumbe watatu wa kuanzia. Waandishi wangemchagulia mmoja wa hao, wangewaudhi watoto waliochagua wengine wawili. Ufumbuzi wao ulikuwa wa busara: mvulana wao, Satoshi kwa Kijapani, Ash kwa Kiingereza na Sacha kwa Kifaransa, anachelewa kuamka, anafika wote watatu wameshachukuliwa, anapewa Pikachu, kiumbe wa umeme asiyemtaka. Kutoka katika kanuni ya gemu likazaliwa jambo la moyo: urafiki ambao sharti uchumwe.

Sehemu ya tano ya katuni hiyo inaonyesha kazi yenyewe kwa karibu. Ash anapambana na Brock, mwenye nyoka wa mawe aitwaye Onix. Katika gemu, kiumbe wa ardhi kama Onix hadhuriki kabisa kwa umeme. Mchezaji mwenye Pikachu peke yake hapo karibu amekwama. Katuni haiwezi kumwacha shujaa akwame wiki nzima. Basi Ash anashindwa mara ya kwanza, Pikachu anaongezewa nguvu ya umeme kwenye kinu cha maji, na katika pambano la marudiano cheche zinawasha moto, mabomba ya kuzima moto yanafunguka darini, Onix analowa na kulegea. Mchezaji wa gemu angelalamika kwamba kanuni imevunjwa. Lakini jambo zito linafuata: wadogo zake Brock wanamng'ang'ania Ash wakimsihi asimuumize kaka yao, naye anausitisha ushindi uliokuwa mkononi. Beji ya ushindi anapewa baadaye, kwa hiari ya Brock. Gemu haina kitufe cha kumhurumia mpinzani baada ya kumshinda. Hapo ndipo katuni ilipopata haki ya kuwapo.

Mafanikio hayo yaliirudia gemu yenyewe. Mwaka 1998 lilitolewa toleo la Njano, ambamo mchezaji huanza na Pikachu anayemfuata nyuma kama katika katuni. Mtoto alikuwa amemfunza mzazi.

Katikati ya ushindi huo kulitokea msiba ambao kila anayewatazamisha watoto katuni anapaswa kuujua. Tarehe 16 Desemba 1997 sehemu moja ilionyesha mlipuko kwa mwanga mwekundu na wa bluu uliopishana mara 12 kwa sekunde. Watoto wapatao 685 walipelekwa hospitalini Japani, wengine wakiwa na degedege. Katuni ilisimamishwa kwa miezi minne, na vituo vya Japani vikaweka masharti juu ya mwanga wa kumetameta. Tangu hapo katuni nyingi za huko hutanguliwa na onyo: chumba kiwe na mwanga, mtoto asikaribie kioo. Onyo hilo lina uzito wa pekee Burundi, ambako anayefikiwa na umeme ni kama mtu mmoja kati ya kumi, na ambako runinga au simu huenda ndiyo mwanga pekee chumbani, watoto wakiwa wameisogelea.

Kizazi cha karibuni kimekwenda mbali zaidi. Castlevania, iliyotokana na mfululizo wa gemu za Konami ulioanza mwaka 1986, ilionyeshwa na Netflix mwaka 2017 kwa ajili ya watu wazima. Novemba 2021 ikafuata Arcane, iliyotengenezwa na studio ya Fortiche ya Paris kutokana na League of Legends, gemu ya mtandaoni ya mwaka 2009 ambayo wahusika wake huchaguliwa kwa nguvu zao za kupigana na hupewa wasifu mfupi tu. Arcane iliwachukua wawili kati yao, Vi na Jinx, ikawafanya dada wawili waliotenganishwa na vita kati ya mji tajiri wa juu na mji wa mafukara ulio chini yake. Mwaka 2022 ilipata tuzo ya Emmy ya katuni bora. Mtu asiyewahi kugusa gemu hiyo huifuata bila shida, nacho ndicho kipimo cha haki cha kazi ya aina hii: hadithi isimame bila mchezo.

Sauti ina historia yake. Katuni ya Pokémon ilipoingia Ufaransa mwaka 2000, maneno yake ya Kifaransa yalirekodiwa na waigizaji wa Ubelgiji, mjini Brussels. Mtoto wa Burundi anayeikuta kwenye chaneli za Kifaransa za setilaiti anasikia waigizaji wa nchi iliyowahi kuitawala yake. Sauti moja tu husafiri bila kubadilishwa karibu kila nchi: ya Pikachu, iliyoigizwa na Ikue Otani tangu 1997, kwa sababu kiumbe huyo husema jina lake tu na kulikatakata. Kwa mtoto asiyejua Kifaransa, Pikachu ndiye mhusika pekee anayeeleweka kikamilifu. Waliobaki wanasomwa nyusoni.

Rumonge iko zaidi ya kilomita 70 kusini mwa Bujumbura, kwenye barabara inayofuata ziwa hadi mpaka wa Tanzania. Ni mji wa mawese, wa samaki na wa Kiswahili. Lugha hii ililetwa na wafanyabiashara wa karne ya 19 waliopita Ujiji, ikabaki sokoni, bandarini na misikitini, sawa na katika mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura. Televisheni ya taifa, iliyoanza mwaka 1984, husoma habari kwa Kiswahili pamoja na Kirundi na Kifaransa. Habari, basi, zina Kiswahili. Katuni za watoto ndizo zilizoachwa nyuma, na huo ni upungufu mkubwa, kwa maana mtoto hujifunza namna ya kusema hasira, aibu na msamaha kwa wahusika anaowapenda mapema kuliko kwa mtangazaji wa habari.

Afrika Mashariki haikosi ustadi wa kutia sauti. Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, aliwasimulia Watanzania filamu za kigeni kwa Kiswahili, akiigiza wahusika wote peke yake na kueleza yasiyoeleweka. DJ Afro hufanya hivyo Kenya, VJ Jingo akafanya kwa Kiganda Uganda. Sanaa yao ni usimulizi: sauti moja juu ya sauti za asili. Katuni huhitaji kitu tofauti, yaani kila mhusika awe na mwigizaji wake, lakini kazi hiyo si ngumu kama inavyodhaniwa. Tangu Astro Boy ya mwaka 1963, katuni za televisheni za Japani huchorwa kwa kubana matumizi: uso hutulia, mdomo tu hufunguka na kufungika kwa michoro mitatu hivi. Mdomo wa namna hiyo hauonyeshi herufi ya lugha yoyote, hivyo maneno ya Kiswahili hukaa humo sawa na ya Kijapani, mradi urefu wa sentensi ulingane na muda wa mdomo kutikisika. Arcane, ambayo midomo yake imechorwa kwa uangalifu mkubwa, ingekuwa mtihani mgumu zaidi.

Ziwa hili limezungukwa na nchi nne, na katika tatu kati yake, Tanzania, Kongo na Burundi, Kiswahili husikika ufukweni. Hakisikiki sawa. Cha Uvira na Baraka, upande wa Kongo, kina sarufi yake, cha Kigoma kinakaribia cha shule, cha Rumonge kinachanganyika na Kirundi. Anayetia sauti afuate sarufi sanifu, ili mtoto wa upande wowote aelewe, lakini awaachie waigizaji lafudhi zao. Mhusika wa mji wa chini katika Arcane angefaa kusikika kama mchukuzi wa bandarini.

Zaidi ya kutia sauti, njia ya pili ni kutengeneza katuni wenyewe, na hesabu yake ni nzito. Katuni ya dakika 22 inayotumia michoro 12 kwa sekunde hudai michoro 15,840 kama kila mmoja ungechorwa upya. Ndiyo maana mbinu ya kubana si uvivu bali ni sharti la kuishi. Ubongo, shirika la Dar es Salaam, limeonyesha kwamba inawezekana. Ubongo Kids ilianza kuonyeshwa kwenye televisheni ya Tanzania mwaka 2014, ikifundisha hesabu na sayansi kwa hadithi na nyimbo, na wahusika wake walizungumza Kiswahili tangu mwanzo. Haikutokana na gemu, lakini ilirudisha kitu ambacho gemu inacho na katuni huondoa: watoto waliulizwa maswali, nao wakajibu kwa ujumbe wa simu ya kawaida. Mkono ukarudi kwa mtazamaji bila mashine ya bei kubwa.

Shirika hilo lilikwenda hatua nyingine, likitia sauti za Kinyarwanda kwenye picha zile zile. Kinyarwanda na Kirundi huelewana, kiasi kwamba hati ya mazungumzo inaweza kurekebishwa pasipo kuandikwa upya. Kwa mji kama Rumonge, wenye nyumba ambamo Kirundi na Kiswahili huzungumzwa mezani pamoja, lugha mbili zingehitaji picha moja, kikundi kimoja cha waigizaji wa sauti, na chumba kilichozibwa vizuri kelele za barabara zisiingie.