Ulizeni Kabla Mwezi Haujaandama



Miaka mingi nyuma nilimtibu kijana mwenye maradhi ya kupanda na kushuka kwa hisia. Dawa ya lithiamu ilikuwa imemtuliza. Ramadhani ilipokaribia nikamwambia asifunge. Akaitikia, “Sawa, daktari,” akaenda zake, akafunga, na vidonge akaviacha. Kabla kumi la kati halijaisha, mama yake alimrudisha, hajalala siku tatu. Alipopata nafuu akaniambia: “Nyumba nzima wamefunga, mimi nile mchana? Si nitakuwa kichaa mbele ya wadogo zangu?”

Sheria ya dini iko wazi. Mgonjwa ana ruhusa ya kula, kisha hulipa siku zake au hutoa fidia. Aliyepotewa na akili hadaiwi saumu mpaka akili imrejee. Hiyo ni rehema. Lakini anayepigania kuhesabiwa miongoni mwa wenye akili zao aweza kuisikia ruhusa hiyo kama hukumu. Mimi sikulijua hilo, kwa sababu sikumwuliza.

Na hofu yangu juu ya kufunga kwake haikuwa ya bure. Mwili ukipungukiwa na maji na chumvi, figo huishikilia chumvi na kuishikilia lithiamu pamoja nayo. Kiwango chake salama katika damu ni chembamba: kwa kawaida twataka kati ya 0.6 na 1.0 milimoli kwa lita, na kikivuka 1.5 sumu yaweza kujidhihirisha: mikono kutetemeka, kutapika, kuyumba, kuchanganyikiwa. Kuacha dawa ghafla nako huamsha maradhi. Ongezeni usingizi unaokatwa na tarawehe ndefu na daku. Kukosa usingizi peke yake kwaweza kumpandisha mgonjwa.

Hata hivyo, wapo waliotulia, figo zao nzima, wanaoweza kufunga wakipangiwa dozi moja ya usiku na kupimwa damu. Wapo ambao hawawezi kabisa. Hao waambiwe hivyo pamoja na shehe ambaye familia inamwamini. Neno lake hubeba nisichoweza kubeba mimi.

Mtaniuliza juu ya tiba za kombe na kusomewa. Mgonjwa akinywa kombe la zafarani huku akimeza dawa zake, sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na minyororo, na fimbo, na anayeamuru sindano ya kila mwezi iachwe. Mwanazuoni wa Kiislamu Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kimoja juu ya afya ya mwili na ya nafsi. Kutibu maradhi ya nafsi si jambo geni kwa Uislamu.

Ninyi wauguzi na madaktari mnaoanza kazi, nawaombeni: Shaaban ikiingia, mwulizeni kila mgonjwa wa lithiamu kama amekusudia kufunga, msikilizeni yeye na mama yake, na mpimeni damu kabla mwezi haujaandama.