Haki ya Askari Aliyeumia Katika Gari la Jeshi, na Kazi ya Karani

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa Tabora



Katibu aliponiuliza nitasema juu ya jambo gani, nalimjibu kuwa nataka kusema juu ya askari aliyeumia, si kwa risasi wala kwa bomu, bali kwa kupinduka gari la jeshi alilopanda kwa amri ya wakubwa wake. Huenda baadhi yenu wakauliza, Jambo hilo lahusu nini chama cha watumishi wa kiraia? Nawaomba subira. Nataraji kabla sijaketi mtaona ya kuwa lahusu kalamu zetu kuliko bunduki zao.

Nitaanza na habari ya nyumbani. Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa askari katika Vita vya Kagera, vilivyoanza mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoingia nchi yetu, vikaisha mwaka 1979. Usiku mmoja wa mvua, kabla hata hajauona mpaka, lori walilopanda liliteleza likapinduka. Mjomba alivunjika nyonga. Akatibiwa, akatembea tena, akaachishwa jeshi, akarudi upande wa Urambo kulima tumbaku. Kwa miaka michache hakulalamika. Hata mguu ulipoanza kupungua nguvu, akawa hawezi kuinama shambani, ndipo alipokuja kwangu, kwa kuwa katika ukoo wetu mimi ndiye niliyekuwa karani.

Nami nalimkosea. Nalimwandikia barua ya kurasa tatu, yenye maneno mazuri juu ya mapenzi yake kwa nchi, na umaskini wake, na hesabu ya watoto wake. Sikuandika tarehe ya ajali, wala namba ya lori, wala jina la aliyetoa amri ya safari, wala hospitali aliyolazwa. Jibu lilikuja baada ya miezi mingi, nalo lilikuwa la mistari minne: katika karatasi zake hapana habari ya kujeruhiwa na adui. Mjomba aliposomewa alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi, mpwa wangu, yaishe. Ni kweli, adui hakunipiga. Ni lori tu."

Neno lile "ni lori tu" ndilo lililonileta mbele yenu.

Ndugu zangu, haki ya mtu aliyeumia jeshini haitoki katika mkono wa adui. Hutoka katika amri. Swali la kwanza si, Nani alikupiga? Swali ni, Ulikuwa katika kazi gani, na nani alikutuma? Askari hachagui dereva, wala njia, wala saa ya kuondoka. Aliyetumwa akapanda, akaumia, ameumia kazini sawasawa na aliyepigwa risasi. Lakini aliyekuwa katika likizo, akaomba lifti aende harusini, shauri lake ni lingine. Tofauti hii ndiyo ikatayo mashauri mengi, nayo haionekani katika mfupa uliovunjika. Yaonekana katika karatasi tu.

Sisi watu wa Tabora ingetupasa kulijua jambo hili mapema, kwa kuwa mji wetu umekaa katika njia ya wachukuzi. Kabla ya reli kufika hapa mwaka 1912, misafara iliyokwenda baina ya Bagamoyo na Ujiji ilipumzika Unyanyembe, na Wanyamwezi walichukua pembe na nguo na ushanga mabegani, mzigo wa mtu mmoja ukikaribia frasila mbili, yaani ratili 70. Mpagazi aliyevunjika mguu porini hakuwa na daftari la kumtetea.

Ikaja Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Wabelgiji kutoka Kongo waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, na pande zote za vita zilitegemea vichwa na mabega ya watu wetu. Kwa upande wa Waingereza peke yake, vifo vya wapagazi vilivyoandikwa vilipita 40,000, na wachunguzi wa historia wanaona kuwa hesabu ya kweli ni kubwa zaidi sana. Jina la Kariakoo, kule Dar es Salaam, ni ukumbusho wa jeshi hilo la wapagazi. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao. Jina limeandikwa vibaya, kijiji hakikuandikwa kabisa, ikasemwa ya kuwa mwenyewe hajulikani, na deni likafa pamoja na mdai.

Iko hadithi isimuliwayo sana juu ya askari waliowatumikia Wadachi katika vita ile. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani ya Magharibi ilikubali kuwalipa wale waliokuwa bado hai. Wazee wakakusanyika Mwanza, na wachache tu walikuwa na vyeti. Yasimuliwa ya kuwa mtu aliyeleta fedha alimpa kila mzee ufagio, akatoa amri za bunduki kwa Kijerumani, na hapana hata mmoja aliyekosea. Hadithi hii hutuchekesha na kututia fahari. Walakini fikirini. Ufagio waweza kuonyesha kuwa mtu alikuwa askari, kwa kuwa mwili haukusahau mazoezi yake. Hauwezi kuonyesha nyonga yake ilivunjika wapi, siku gani, na kwa amri ya nani.

Vita ya pili, ya 1939 hadi 1945, ilikuwa vita ya malori. Watu wapata 87,000 wa Tanganyika waliingia jeshini, na majeshi ya Afrika ya Mashariki yakafika Uhabeshi mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942, na Burma mwaka 1944. Wengi walifunzwa udereva, na wengi zaidi walipanda nyuma ya magari katika milima na matope. Mwaka 2019 mwandishi mmoja wa habari alitoa hadharani hati ya zamani ya serikali ya Uingereza, ikaonekana kuwa bakshishi ya kuagana na jeshi ilipangwa kwa rangi ya mtu, hata Mwafrika aliweza kupewa theluthi tu ya fedha alizopewa Mzungu wa cheo kile kile. Dhuluma ile iliandikwa na makarani wa wenye kuitenda, na miaka zaidi ya 70 baadaye karatasi zao wenyewe ndizo zilizowashuhudia.

Sasa narudi kwa mjomba. Mimi nalikuwa nimekata tamaa, lakini mkewe hakukata. Akanikumbusha hospitali aliyolazwa. Nalikwenda, nikaomba kitabu cha kupokelea wagonjwa cha mwaka ule, na baada ya siku mbili za vumbi nalimwona. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwa L mahali pa R, kama tusemavyo huku kwetu, lakini namba yake ya jeshi ilikuwa sahihi. Mbele yake palikuwa na maneno machache: ajali ya lori la jeshi, safari ya kazi, nyonga ya kushoto. Sijapata kumjua karani aliyeyaandika. Labda alikuwa amechoka, na wagonjwa walikuwa wengi usiku ule. Lakini aliandika. Kwa mstari ule mmoja shauri lilifunguliwa upya, na baada ya miaka mitatu mjomba alianza kulipwa, ingawa si kwa miaka iliyopita. Alikula haki yake miaka minne tu, akafa. Miaka iliyopotea ilipotea kwa ajili ya barua yangu ya kwanza.

Kwa hiyo nawasihi tushike mambo haya.

La kwanza, habari ya ajali iandikwe siku ile ile: tarehe, saa, mahali, namba ya gari, jina la dereva, kazi ya safari, na jina la aliyeamuru. Asiyeweza kuandika amwombe mwenzake.

La pili, mgonjwa amweleze daktari si mahali panapouma tu, bali na jinsi alivyoumia, naye aombe maneno hayo yaandikwe katika cheti chake.

La tatu, jina. Mtu wetu ana jina la nyumbani, na jina la dini, na jina alilopewa jeshini. Majina yote yaandikwe pamoja na namba yake, na kama yanapingana kiapo kiapwe mapema, kabla mjane hajaulizwa maswali asiyoweza kuyajibu.

La nne, mashahidi. Waliokuwa katika gari lile watafutwe wakiwa hai, kila mmoja aandike aliyoyaona kwa macho yake, wala asiandike aliyoyasikia.

La tano, baraza la madaktari. Hapa ndipo askari wetu wanapojiangamiza wenyewe. Daktari humwuliza, "Hujambo, mzee?" Naye, kwa adabu na kwa ushujaa, hujibu, "Sijambo," akasimama wima ijapokuwa nyonga yamwunguza. Basi huandikwa kuwa hajambo. Tuwafundishe ya kuwa salamu ni salamu, na ushahidi ni ushahidi. Baada ya salamu aseme wazi: siwezi kuchuchumaa, siwezi kubeba debe la maji, usiku silali ubavu wa kushoto. Wala asiongeze neno. Mdai mmoja mwongo huwafungia mlango wakweli kumi.

La sita, nakala. Barua ya asili isitoke mkononi bila nakala kubaki, na kila barua ipelekwe kwa kitabu chenye sahihi ya mpokeaji. Likija jibu la kukataa, lisomwe kwa utulivu, itazamwe sababu iliyotajwa na siku za kukata rufani, kisha sababu ile ndiyo ijibiwe. Mjomba aliambiwa hakujeruhiwa na adui. Jibu lilikuwa kuthibitisha kazi, si kulilia umaskini.

Wazee walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tumezoea kulitumia neno hili kwa fedha za duka. Mimi nasema mguu wa mtu nao ni mali, na mgongo wake, na macho yake. Vikipotea pasipo kuandikwa, mwenyewe atabaki na maumivu, na daftari litasema hayakutokea.

Bwana Rais, naomba chama kitoe saa moja kila Jumamosi, makarani wawili kwa zamu wakae na wazee hawa na wajane wao, wasome karatasi zao, wawaandikie barua fupi zilizo na tarehe, pasipo kutoza hata senti moja. Nami nipewe zamu ya kwanza, kwa kuwa nina deni ambalo mwenye kudai amekwisha kufa.

Na wewe karani kijana unayekaa katika meza ya kupokelea wagonjwa, au katika ofisi ya magari, ukiona usiku umekuwa mrefu na kalamu nzito, uandike mstari ule. Hujui ni nani atakayekuja kuutafuta baada ya miaka mingi.